Mwongozo Kamili wa Kusimamisha Jukwaa la Ujenzi na Kulifanyia Kazi kwa Usalama

Mwongozo huu ni kwa mafundi, wasaidizi wao na wenye nyumba wa Tanga wanaopandisha ghorofa moja juu ya nyumba ya chini, au wanaopiga lipu na rangi kwenye kuta ndefu, na ambao majukwaa yao huwapa shida ileile kila mara: jukwaa linaanza vizuri, linafanya kazi siku mbili tatu, kisha linaanza kuyumba. Shida hiyo kwa kawaida ina chanzo kimoja. Jukwaa lilijengwa kwa kimo cha siku ya kwanza, likarefushwa kwa vipande vilivyobaki kadiri ukuta ulivyopanda, na hakuna aliyerudi chini kuimarisha miguu wala kuongeza vishikizo vya ukutani.

Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa inaanza na kimo cha mwisho kitakachofikiwa, si kile cha leo. Maelezo yanahusu jukwaa la mirunda au la mabomba linalosimama juu ya ardhi, lenye safu mbili za nguzo, ambalo sakafu yake haizidi mita 6 kutoka chini. Jukwaa refu kuliko hapo, jukwaa la kuning'inia, au linalokaa juu ya paa na vibaraza, linahitaji mchoro na hesabu za mhandisi.

## Vifaa vinavyotakiwa

Mfano tutakaoufuata ni ukuta wenye urefu wa mita 9, na nguzo zinazoachana mita 1.5. Kusanya vifaa vyote kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza, kwa sababu kifaa kinachokosekana katikati ya kazi ndicho huzaa vile vipande vya kubahatisha.

- Nguzo 14 za mirunda mikavu iliyonyooka, ya mkaratusi au mvinje, zenye unene usiopungua sentimita 10 kwenye ncha nyembamba. Ziwe na urefu wa kupita sakafu ya mwisho kwa mita 1.2, ili zibebe reli. Ukitumia mabomba, yawe ya chuma yenye kipenyo cha nje cha milimita 48.3, pamoja na klampu zake.
- Mbao za inchi 2 kwa 4 za boriti ndefu (zinazofuata ukuta), boriti fupi (zinazokatisha kutoka safu moja hadi nyingine), mishazari (mbao za kulala kwa mteremko ili jukwaa lisiyumbe) na reli.
- Mbao 12 za sakafu za inchi 2 kwa 8, kila moja futi 12.
- Mbao nene za kukalisha miguu ya nguzo, na mbao za inchi 1 kwa 6 za kuzuia vitu visidondoke.
- Kamba mpya ya manila au nailoni yenye unene wa milimita 12, na misumari ya inchi 4 na 5.
- Timazi, pima maji, tepu ya kupimia, jembe na nyundo.
- Ngazi imara, kapi na kamba yake, utepe wa tahadhari.
- Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, viatu vyenye soli isiyoteleza na glavu kwa kila atakayepanda.

Najua kusema neno baya juu ya katani mbele ya watu wa Tanga ni kutafuta ugomvi. Hata hivyo kamba ya katani inayolowa mvua, ikakauka juani, kisha ikamwagikiwa maji ya saruji kila siku, hupoteza nguvu kutoka ndani wakati kwa nje bado inaonekana nzima. Itumie kuvutia ndoo ukitaka, na ikague kila asubuhi, lakini viungo vya jukwaa visiitegemee.

## Hatua ya 1: Soma eneo kabla ya kushusha mirunda

Zunguka nyumba yote kwa miguu. Angalia juu kwanza: nyaya za umeme. Hakuna sehemu ya jukwaa, wala bomba au nondo iliyo mkononi mwa mtu aliye juu yake, inayopaswa kufika karibu zaidi ya mita 3 na waya. Kwenye mitaa ya Ngamiani, ambako nguzo za umeme zinakaribiana na kuta, umbali huo mara nyingi haupatikani. Hapo suluhisho ni kwenda TANESCO waje kuzima au kuhamisha waya kabla ya kazi. Kuufunika waya kwa bomba la plastiki wewe mwenyewe si kinga.

Kisha angalia chini. Uliza mwenye nyumba mahali lilipo karo la choo, hata kama limefukiwa miaka mingi, pamoja na mitaro ya maji na shimo lolote lililojazwa taka za ujenzi. Nguzo moja ikikaa juu ya mfuniko wa karo, uzito wote wa pembe ile uko juu ya zege ambalo hakuna anayejua hali yake.

Mwisho, angalia wapitao. Tanga ni mji wa baiskeli, na mwendesha baiskeli hatazami juu. Kama jukwaa linagusa njia, zungushia utepe eneo la mita 2 kutoka kwenye nguzo za nje, na uweke njia nyingine ya wazi, kwa sababu watu wasipopewa njia nyingine hupita chini ya utepe.

Hatua imekamilika pale unapoweza kuonyesha kwa kidole mahali kila nguzo itakaposimama, na hakuna hata moja iliyo juu ya shimo au chini ya waya.

## Hatua ya 2: Kagua kila mrunda, ubao na bomba

Menya maganda ya mirunda yote. Ganda huficha nyufa, matundu ya wadudu na sehemu iliyooza. Chukua msumari wa inchi 5 na uusukume kwa mkono kwenye mguu wa kila mrunda, hasa uliokwisha kutumika na kukaa ardhini: ukiingia kirahisi, mrunda huo ni kuni. Ugonge pia kwa nyundo. Mti mzima hutoa mlio mkavu, uliooza hutoa mlio mzito uliofifia.

Mbao za sakafu zitazame kwa ncha na kwa kingo. Kataa ubao wenye ufa unaotoka nchani kuelekea katikati, wenye fundo kubwa lililoshika ukingo, au uliokatwa nusu ili upitishe kitu fulani zamani. Usiupake rangi wala kuuacha na tabaka la saruji iliyogandia, kwa sababu vyote viwili huficha ufa. Mabanzi yasiwe sakafu kamwe, kwa kuwa unene wake hubadilika katika ubao uleule.

Kuna desturi ya kuupima ubao kwa kuuruka ruka juu ya matofali mawili. Iache. Ubao unaovunjika umekuonya, lakini ule usiovunjika huenda umepata ufa wa ndani ambao utajulikana siku ukiwa juu.

Kwa mabomba, hewa ya chumvi ndiyo adui, na maeneo ya Raskazone huipata zaidi. Bomba huliwa na kutu kutoka ndani, kwa hiyo chungulia kwenye ncha zote mbili na uligonge urefu wake wote. Kila klampu ifungwe na kufunguliwa kwa mkono kwanza. Ambayo nati yake inaruka uzi iwekwe kando.

## Hatua ya 3: Kalisha miguu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko popote, na ndipo wengi wanapotumia muda mchache.

Nguzo ya mrunda ina eneo dogo sana la kukanyagia, na uzito wote wa sakafu, watu na matofali unapita katika eneo hilo. Juu ya mchanga wa pwani nguzo huzama taratibu. Juu ya udongo mwekundu mkavu haizami kabisa, mpaka siku mvua inaponyesha. Ndiyo maana jukwaa lililosimama vizuri Februari linaweza kupinda Aprili bila mtu kuligusa.

Fanya hivi. Ondoa udongo laini na takataka mpaka ufikie ardhi ngumu, sawazisha, kisha shindilia. Laza ubao mnene wa inchi 2 kwa 8 ambao unabeba nguzo mbili au zaidi kwa pamoja, ili nguzo moja isizame peke yake. Simamisha nguzo katikati ya upana wa ubao, na upigilie vipande vidogo vya mbao pande zote nne za mguu ili usiteleze. Kama ni bomba, weka kwanza bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15 chini yake. Chimba mfereji mdogo wa kuyapeleka maji ya mvua mbali na mbao hizo.

Usitumie tofali kama kiti cha nguzo. Tofali la saruji hupasuka ghafla likibanwa sehemu moja, na halitoi onyo. Mawe yaliyopangwa, ndoo iliyogeuzwa na vipande vya vigae havistahili hata kujadiliwa.

Hatua imekamilika pale unapopiga teke mguu wa nguzo na hausogei, na pima maji ikilazwa juu ya ubao inaonyesha usawa.

## Hatua ya 4: Simamisha nguzo na uzifunge kwa mishazari

Panga safu ya ndani umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani, na safu ya nje sentimita 90 kutoka ile ya ndani. Nguzo ziachane mita 1.5 kwa kazi ya lipu na rangi. Kwa kujenga matofali zibananishe ziwe mita 1.2, na uongeze idadi ya nguzo kulingana na urefu wa ukuta.

Huenda umezoea safu moja tu ya nguzo, huku ncha za ndani za boriti zikiingizwa kwenye matundu ya ukuta. Mtindo huo unautegemea ukuta ubebe nusu ya mzigo wakati saruji yake bado mbichi, na kila tundu huacha kazi ya kuziba. Kwa ukuta mpya wa matofali, safu mbili ndizo salama.

Kila nguzo ipimwe kwa timazi pande mbili, wa mbele na wa ubavuni. Funga boriti ndefu ya kwanza kwenye kimo kisichozidi mita 2, na chini yake, kwenye kila nguzo, upigilie kipande cha mbao cha kuikalisha. Msumari peke yake haupaswi kubeba mzigo: kipande kinabeba, msumari unashika, kamba inabana. Kamba izungushwe mara nne au tano kwa kukaza, kisha izungushwe katikati ya boriti na nguzo ili kukaza mizunguko ile ya kwanza. Waya wa kufungia nondo usitumike badala ya kamba, kwani ukipindwa na kukazwa kwa koleo hukatika ndani ya pindo lake wakati jukwaa likitikisika.

Kisha mishazari. Bila mshazari jukwaa zima linaweza kulala upande mmoja hata kama kila kiungo kimekazwa. Weka mshazari kuanzia mguu wa nguzo ya pembeni kupanda hadi juu, upande wa nje, na mwingine unaokatisha kutoka pembe ya pili. Halafu weka mishazari mifupi kati ya safu ya ndani na ya nje kwenye nguzo za pembeni na ya katikati. Kwa mabomba, klampu zisizozunguka ndizo za nguzo na boriti, na zinazozunguka ni za mshazari tu.

Hatua imekamilika pale ambapo watu wawili wakisukuma nguzo ya pembeni kwa mabega, jukwaa halichezi.

## Hatua ya 5: Lishikize ukutani

Jukwaa linalosimama peke yake nje, mahali penye upepo, kimo chake kisizidi mara tatu ya upana wa chini yake. Upana wetu ni sentimita 90, kwa hiyo kikomo ni mita 2.7. Kabla ya kupita hapo ni lazima lishikizwe.

Kishikizo kizuri kinafanya kazi mbili: kinalizuia jukwaa lisiondoke ukutani na pia lisiusogelee. Kamba peke yake inafanya ya kwanza tu, na gadi (mti wa kuegemeza) peke yake inafanya ya pili tu. Njia rahisi ni kutumia uwazi wa dirisha: weka mbao moja ndefu kuliko uwazi kwa ndani na nyingine kwa nje, zibane kingo za ukuta katikati yake, kisha boriti fupi ya jukwaa iingie dirishani na kufungwa kwenye mbao zote mbili. Weka kishikizo kila baada ya nafasi tatu za nguzo, na kila mita 4 za kimo. Katika mfano wetu ni nguzo ya kwanza, ya nne na ya saba. Dirisha lisipoangukia hapo, tumia lililo karibu na uongeze kingine badala ya kurefusha nafasi.

Usifunge kwenye nondo za dirisha, mifereji ya maji, ukuta mfupi wa juu ya paa, wala ukuta ambao haujamaliza siku saba tangu kujengwa. Ukuta mbichi uliosimama peke yake, bila lenta wala zege la juu, hauwezi kushikilia jukwaa; wenyewe unahitaji kushikiliwa. Katika hali hiyo tumia magadi ya mshazari yanayotoka safu ya nje hadi ardhini, na yakae juu ya mbao zilizozuiwa kwa vigingi.

Kama umetandaza turubai au neti upande wa nje ili lipu isikauke haraka, ongeza vishikizo maradufu. Upepo wa mchana unaotoka baharini huligeuza jukwaa hilo kuwa tanga la jahazi.

## Hatua ya 6: Tandika sakafu

Laza mbao nne za sakafu zikigusana, upate upana wa sentimita 80. Sentimita 60 ndio upana wa chini kabisa ambao mtu anaweza kupishana na karai lake bila kukanyaga hewa.

Kila ubao wa futi 12 uvuke nafasi mbili za nguzo na ukalie boriti fupi tatu. Pale mbao zinapopandiana, zipandiane juu ya boriti, si katikati ya nafasi. Ncha ya mwisho itokeze nje ya boriti kwa angalau sentimita 5, lakini isizidi mara nne ya unene wa ubao, yaani sentimita 20 kwa ubao wa inchi 2. Ikizidi hapo, mtu akiikanyaga ncha upande wa pili unanyanyuka naye anashuka nao.

Funga mbao zote kwa misumari au kamba. Ubao usiofungwa hupeperushwa, husogea kidogo kidogo chini ya miguu, na hatimaye hukuta ncha yake haiko tena juu ya boriti.

## Hatua ya 7: Weka reli zote tatu

Mtu anayedondoka kutoka mita 3 anafika chini kabla ya sekunde moja kuisha, akiwa na kasi ya karibu kilomita 27 kwa saa. Hakuna anayewahi kushika kitu.

Reli ya juu iwe mita 1 kutoka sakafuni, ya kati iwe nusu yake, na ubao wa miguu wa sentimita 15 uwe umesimama pembezoni mwa sakafu. Zote zipigiliwe upande wa ndani wa nguzo, ili mtu akiegemea, ubao uikandamize nguzo badala ya kung'oa misumari. Ziba pia vichwa viwili vya jukwaa, ambavyo ndivyo husahauliwa. Upande wa ukuta hauhitaji reli kama nafasi haizidi sentimita 30. Ikizidi, kama kwenye madirisha makubwa, weka.

Wengine huuliza kama mkanda wa usalama wa mwili mzima unaweza kuchukua nafasi ya reli. Mkanda wenye kamba ya mita 2 na kipunguza mshtuko unahitaji karibu mita 6 za hewa tupu chini ya mtu ili umsimamishe kabla hajagonga chini. Kwenye jukwaa la mita 4 atagonga ardhi akiwa bado amevaa mkanda wake. Utumie wakati wa kusimamisha na kubomoa, ukiwa umefungwa kwa kamba fupi juu ya kichwa kwenye sehemu ya jengo iliyo imara, lakini kwa kazi ya kila siku reli ndiyo kinga.

## Hatua ya 8: Weka ngazi

Kupanda kwa kukwea mishazari hulegeza viungo na huchafua viatu kwa udongo unaoteleza. Weka ngazi ndani ya jukwaa au kichwani mwake, mguu wake ukiwa mita 1 mbali kwa kila mita 4 za kimo. Juu ipite sakafu kwa mita 1 ili pawe na pa kushika, na ifungwe pande zote mbili. Jioni ngazi iondolewe na kufungiwa ndani. Watoto wa mtaani hawasomi vibao vya onyo.

## Hatua ya 9: Kagua na kabidhi

Mteue mtu mmoja, mwenye uzoefu, awe mwenye jukwaa. Yeye tu ndiye mwenye ruhusa ya kuongeza, kupunguza au kusogeza kitu chochote. Mpiga lipu akiona mshazari unamzuia, anamwita:

"Kaka, huu mshazari unanikalia mbele ya kona."

"Subiri nikuwekee mwingine juu yake kwanza, ndipo tuutoe huo."

Mazungumzo hayo huchukua dakika tano. Ni nafuu kuliko fundi kuung'oa mwenyewe kwa nyundo na kuahidi kuurudisha jioni.

Ukaguzi ufanyike kabla ya matumizi ya kwanza, kila baada ya siku saba, na kila baada ya mvua kubwa, upepo mkali au kugongwa na gari. Anza chini kwenda juu: miguu, mishazari, vishikizo, sakafu, reli, ngazi. Andika tarehe na jina kwenye daftari, kisha tundika kadi kwenye ngazi: ya kijani kama linafaa, nyekundu kama halipandwi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi), inamweka mwajiri kuwa mwenye wajibu wa mahali pa kazi kuwa salama. Mwenye nyumba anayedhani kila kitu ni shauri la fundi afikirie mara mbili.

## Hatua ya 10: Fanya kazi juu kwa hesabu

Kwa lipu na rangi, chukua kikomo cha mzigo kuwa kilo 150 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Kwa kujenga matofali, kilo 300. Sasa piga hesabu ya nafasi moja kati ya nguzo mbili.

Nafasi ya lipu ina mita 1.5 kwa 0.8, yaani mita za mraba 1.2, ambazo zinabeba kilo 180. Watu wawili wa kilo 70 na karai moja la kilo 30 ni kilo 170. Nafasi imejaa. Msaidizi wa tatu anayesimama hapo kupiga soga amevuka kikomo.

Nafasi ya matofali ina mita 1.2 kwa 0.8, inayobeba karibu kilo 290. Ondoa mafundi wawili na karai lao, zinabaki kilo 120. Tofali la saruji la inchi 6 lisilo na tundu lina karibu kilo 30, kwa hiyo panatosha matofali manne, yapangwe karibu na nguzo. Marundo ya matofali ishirini tunayoyaona juu ya majukwaa ni kilo 600. Jibu lake ni kupandisha machache mara nyingi, na wasaidizi watalalamika, na walalamike.

Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanganyiko wa saruji inafika kilo 40. Ukiivuta kwa kapi lililotundikwa kwenye nguzo, nguzo hupokea karibu kilo 80, kwa kuwa inabeba ndoo pamoja na mvuto wa mikono yako. Kapi litundikwe kwenye boriti iliyofungwa karibu na kishikizo cha ukutani, na asiwepo mtu chini. Vifaa vidogo, kama mwiko na nyundo, vikae ndani ya ndoo. Usirushe kitu, juu wala chini.

Acha kazi upepo unapoinua vumbi na karatasi na kutikisa matawi madogo ya miti. Mvua ikikatika, futa matope na saruji kwenye sakafu kabla ya kupanda, kisha rudia ukaguzi wa miguu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ukaguzi huo huwa karibu wa kila asubuhi.

## Hatua ya 11: Ukilazimika kuongeza kimo

Shusha watu na mizigo yote. Anza chini: kagua miguu, ongeza mishazari, ongeza kishikizo kipya, ndipo nguzo zirefushwe. Nguzo mbili zinazounganishwa zipandiane mita 1.2 na zifungwe sehemu tatu, na ya juu ikalie kipande kilichopigiliwa kwenye ya chini. Maungio yasilingane kimo katika nguzo zinazopakana. Kuweka mapipa, benchi au ngazi juu ya sakafu ili kufikia sentimita arobaini za mwisho hakukubaliki, kwa kuwa mtu anakuwa amepanda juu ya reli yake mwenyewe.

## Mtu akianguka

Asinyanyuliwe kwa mikono na miguu, asikalishwe, wala asipewe maji. Mtu mmoja ashike kichwa na shingo visisogee, mwingine azuie damu, mwingine apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Ikibidi kumpeleka hospitali wenyewe, alazwe juu ya ubao mpana huku watu wanne wakimgeuza kwa pamoja, na apakiwe kwenye gari linaloweza kumlaza, bodaboda hapana. Mwajiri atoe taarifa ya ajali OSHA na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na jukwaa liachwe lilivyo mpaka litazamwe.

## Hatua ya 12: Bomoa kwa kufuata njia uliyojengea, kinyumenyume

Ajali nyingine hutokea kazi ikiwa imekwisha, kwa sababu vishikizo huondolewa vyote siku moja kabla ili kuziba matundu ya lipu. Kishikizo kitoke pale tu sehemu iliyo juu yake imekwisha kushushwa. Ondoa mizigo, kisha reli na sakafu ya juu, boriti, nguzo, halafu kishikizo cha kimo hicho, ndipo uhamie chini.

Kila kipande kishushwe kwa kamba. Misumari ing'olewe kabla ubao haujalazwa, si kesho. Mirunda na mbao zipangwe juu ya vitegemeo, mbali na ardhi na chini ya kivuli, na ule ubao uliopata ufa ukatwe vipande vifupi siku hiyohiyo, ili mtu mwingine asiuokote na kuufanya sakafu.